Kidonge Juu ya Gome

Kwetu dawa moja haijawahi kutosha. Mtu akishikwa na homa atameza vidonge vya dukani, atajifukiza, atapakwa mafuta yaliyosomewa, na jirani akipita na chupa ya majani yaliyochemshwa ataonja na hiyo, maana kumkatalia mtu dawa yake ni kumvunjia heshima. Nimekulia humo. Mpaka naota ndevu sikuwahi kumsikia mtu akiuliza: hizi dawa zikikutana tumboni, zinafanyana nini?

Siku hizi nalipwa kwa kuuliza swali hilo. Mshahara ni mdogo, lakini ndio unaonilisha. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Ndugu zangu wa Palma na Mtwara wamenilalamikia mara nyingi kwamba nimekuwa mtu wa kuwasumbua wagonjwa kwa maswali, nikaona heri nieleze kwa maandishi, tumalizane.

Maswali yangu yanaanzia Rongui, kisiwa cha mchanga na mawe ya matumbawe, pwani ya Palma, kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, jirani ya Vamizi. Watu wa mbali waliokisikia walikisikia kwa habari ya kasa wanaopanda kutaga, maana mradi wa Maluane uliviweka Vamizi, Rongui na Macaloe katika mpango mmoja wa hifadhi na utalii. Sisi tunakijua kwa dago. Wavuvi wanatoka bara na vyombo vyao, wanapiga vibanda vya makuti, wanavua na kukausha ng'onda mpaka upepo ugeuke. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mtu wa dago hasa, na shule ikifungwa alinichukua nikapare samaki na kuchota maji.

Kinachowaumiza watu dagoni ni jiwe. Kidonda cha matumbawe si sawa na kidonda cha panga: jiwe linaacha vumbi lake ndani ya nyama, na maji ya bahari yana bakteria wake, hasa jamii ya Vibrio, mbali na wale wanaokaa ngozini siku zote, kama Staphylococcus aureus, wakingoja ngozi ichanike tu. Kesho yake mwenye kidonda anaingia majini tena, kwa sababu asiyezama hagawiwi.

Mjomba alikuwa na namna yake ya kutibu, na ndiyo iliyokuwa namna ya dago zima. Anachukua rangi mbili, kile kidonge cha ganda, anakifungua kwa ukucha, nusu nyekundu huku, nusu ya manjano kule, kisha ananyunyiza unga wake juu ya kidonda kilichokwisha kuoshwa kwa maji ya gome. Unga ukipata unyevu unashikana kama gundi. Kidonge cha pili mgonjwa anakimeza kwa kikombe cha maji yale yale ya gome, machungu kiasi cha kumkunja mtu mzima uso. Vinavyobaki vinafungwa kwenye nailoni, vinachomekwa makutini, vinamngoja mwingine. Ndani ya ganda mlikuwa na nini? Huenda ni tetrasaiklini, huenda ni ampisilini au amoksisilini. Hakuna aliyeuliza. Walinunua rangi.

Aliyekuwa akilipinga jambo hili ni bibi, mama yake mama, na gome lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyelichuma na kulikausha, ndiye aliyempa mjomba afunge safari nalo. Alikuwa na miiko: anayekunywa dawa yake asinywe ya mtu mwingine mpaka siku zake ziishe, na kitu cha dukani kisiingie chunguni mwake kabisa. Sisi vijana tuliuona ule kuwa wivu wa kazi. Mzee anaogopa kidonge kisije kikachukua sifa, tulisema.

Watu wanaitetea michanganyiko hii kwa jina la asili. Gome ni la asili, sibishi. Lakini Fleming aliiona penisilini mwaka 1928, mtu wa kawaida akaanza kuipata baada ya vita kuu ya pili, na dawa ya kwanza ya ukoo wa tetrasaiklini ilitangazwa mwaka 1948. Kumeza kidonge kwa maji ya gome kuna umri wa mjomba, au ni kudogo kwake. Aliyekuwa ameshika asili pale dagoni ni bibi, aliyekataa.

Nilivuka Ruvuma nikiwa kijana kwenda kusoma kwa ndugu wa baba, nikamaliza na stashahada ya maabara. Kazi niliyoikuta chuoni ilikuwa ya kusaga magome. Utafiti huo si mgeni Tanzania: Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na vijana wa huko wamepita porini na vinu vyao kabla yetu. Kundi letu lilipewa kazi tofauti kidogo. Hatukutakiwa kujua gome linaua bakteria gani peke yake. Tulitakiwa kujua likikutana na antibayotiki kunatokea nini.

Kipimo kinafanyika kwenye sahani ya plastiki inayotosha kiganjani, yenye vishimo 96, safu 8 kwa 12. Dawa ya hospitali unaipunguza nusu kwa nusu kwenda kulia. Dawa ya mti unaipunguza nusu kwa nusu kwenda chini. Kila kishimo kinapata uwiano wake ambao jirani yake hana. Unatia bakteria, unafunika, unalaza sahani usiku kucha kwenye kabati la joto la nyuzi 37. Asubuhi macho matupu hayakusaidii, maana maji ya gome ni ya kahawia, na kishimo chenye uhai na kisicho na uhai vyote vinafanana. Ndiyo maana tunatia rangi iitwayo INT, kwa njia aliyoieneza Profesa Jacobus Eloff wa Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1998. Bakteria aliye hai anaigeuza kuwa nyekundu ya waridi. Aliyezuiwa anaiacha ilivyo. Unakaa na kikombe chako cha chai nje ya maabara, ukirudi sahani imekwisha kusema.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Kama antibayotiki peke yake ilihitaji 8 na sasa inatosha kwa 2, hiyo ni robo. Kama gome nalo limeshuka kutoka 8 hadi 2, robo nyingine. Jumla nusu. Ikiwa nusu au chini yake, wataalamu wanakubali kwamba viwili hivi vinasaidiana kweli. Ikizidi 4, vinapingana. Katikati pana uwanja mpana wa dawa zinazokaa pamoja bila kujuana, na huko ndiko sahani zetu nyingi zilikoangukia, siku baada ya siku, mpaka nikachoka kuandika maneno yale yale kwenye daftari.

Bibi hutibu kwa majani pia, na nilitaka sana mti wake mmoja ushinde. Nilipokwenda kusalimia nyumbani nilirudi na majani yake kwenye gazeti. Jina la mti silitaji, kwa sababu nikilitaja leo, kesho utauzwa Kariakoo na neno "maabara" limeandikwa kwenye chupa. Asubuhi ya sahani ile nilitia rangi nikasimama pale pale. Katika safu ambayo antibayotiki peke yake ilikuwa imewazuia bakteria vizuri kabisa, wekundu ulianza kutokea upande wenye dawa nyingi ya mti, ukasogea kishimo kwa kishimo. Dawa iliyokuwa ikifanya kazi, ikikutana na jani la bibi ilikuwa haifanyi. Nikarudia. Ikawa vile vile.

Mwalimu wangu, mama mmoja asiyejua haraka, aliigeuzageuza sahani mwangani, akaniuliza: "Huyo bibi yako analoweka majani kwa methanoli?"

Bibi anachemsha kwa maji, kama bibi wote. Sisi maabara tunaloweka kwa methanoli kwa sababu inachomoa vitu vingi zaidi ndani ya jani, na baadhi ya vitu hivyo havitoki kwa maji hata uchemshe mpaka jioni. Nikachemsha kwa maji, kwenye sufuria ndogo, kama alivyonifundisha mwenyewe. Jani lile lile, antibayotiki ile ile, bakteria wale wale. Ugomvi ukapungua, ukawa si ugomvi wala urafiki.

Tangu hapo sitafuti tena jibu moja la kuwapelekea nyumbani. Kabla ya sahani zile mbili nilikuwa nikisubiri siku nitakayowapigia simu niseme "changanyeni" au "acheni". Sasa najua kwamba jibu hilo halipo. Ni jani gani, limetolewa kwa kitu gani, kwa kiasi gani, na dawa ipi, kwa bakteria yupi: ukibadilisha kimoja, mengine yote yanageuka. Na ulimi hauonji tofauti. Ladha ya dawa inayosaidia na ya dawa inayozuia ni chungu zote mbili.

Msaada wenyewe upo, asije mtu akafikiri nabeza. Mwaka 2000 kundi la Frank Stermitz na Kim Lewis huko Marekani lilieleza jambo la ajabu kuhusu vichaka vya jamii ya Berberis, ambavyo ndugu yao mmoja, Berberis holstii, anaota kwenye milima ya Afrika Mashariki. Vichaka hivi vina berberini, dawa dhaifu ya kuua bakteria. Udhaifu wake unatokana na bakteria wenyewe: Staphylococcus aureus ana pampu katika utando wake iitwayo NorA, na berberini inayoingia anaitoa, kama mabaharia wanaofua maji chomboni. Chombo kina tundu, maji yanaingia, lakini wafuaji wakiwa hodari hakizami. Mti ule ule unaotengeneza berberini unatengeneza na kitu cha pili, ambacho hakiui bakteria yeyote. Kazi yake ni kuwashika wafuaji mikono. Viwili vikiwa pamoja, chombo kinazama. Mti umefanya hesabu yetu ya vishimo 96 kabla hatujazaliwa.

Mfano huo unapendwa sana mikutanoni. Mimi napenda kuuweka pamoja na mwingine usiopendwa. Reserpini, inayotoka kwenye miti ya jamii ya Rauvolfia, nayo inaizuia pampu ya NorA, na kwenye sahani inapendeza kuitazama. Lakini kiasi kinachohitajika kuizuia ni kikubwa mno kwa mwili wa mtu. Kabla pampu haijasimama mgonjwa atakuwa ameshushwa shinikizo la damu mpaka aanguke. Kitu kinaweza kushinda kwenye plastiki kikamuua mtu kitandani.

Kuna na msaada unaopitia tumboni, usiomgusa bakteria hata kidogo. Pilipili manga ina piperini, nayo huongeza kiasi cha rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kinachoingia kwenye damu. India walisajili mwaka 2009 dawa iitwayo Risorine, yenye miligramu 200 za rifampisini badala ya 450 za kawaida, pamoja na isoniazidi 300 na piperini 10 tu. Mtu akisoma hapo asikimbilie jikoni. Piperini ile imepimwa kwa miligramu na wagonjwa wakapimwa damu. Pilipili ya mchuzi haijapimwa na mtu.

Na kuna kizuizi kinachopita njia hiyo hiyo. Tetrasaiklini na siprofloksasini zinashikana na kalisi na chuma tumboni, zikishikana haziingii kwenye damu, zinatoka na choo. Wauguzi wanawaambia wagonjwa wasizinywe na maziwa kwa sababu hiyo. Lakini sijasikia muuguzi akitaja mlonge. Majani ya mlonge yanasifiwa redioni kwa kuwa na kalisi na chuma tele, na sifa ni za kweli, ndiyo maana mgonjwa anayekoroga unga wake kwenye uji na kumeza siprofloksasini kwa uji huo anajitafutia matatizo. Suluhisho halihitaji hata maabara: dawa inywewe kwanza kwa maji, mlonge usubiri saa kadhaa. Mwiko wa bibi wa kutochanganya, ukiutazama kwa jicho hili, ulikuwa unafanya kazi ambayo yeye mwenyewe hakuhitaji kuieleza.

Hesabu iliyonigeuza zaidi niliifanya nyuma ya bahasha. Tuseme gome linawazuia bakteria kwa miligramu 1 katika kila mililita. Kwa kazi ya magome hiyo si mbaya. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi. Ili damu yake ifikie kiwango hicho, gramu 5 kamili za dawa iliyochujwa zingepaswa kuingia kwenye mishipa kwa mkupuo, bila kuvunjwa na ini, bila kupotea utumboni. Haiwezekani kwa kikombe, hata kwa ndoo. Lakini kidonda cha mguuni hakina ini wala utumbo. Maji ya gome yaliyomo kwenye bakuli ndiyo yale yale yanayofika kwenye nyama, kwa ukali ule ule. Nikaanza kuitazama kazi ya bibi upya: dawa zake za kuoshea na kukanda zina nafasi kubwa ya kukutana na bakteria kuliko za kunywa. Miaka yote hiyo dagoni, sehemu ya maana ya tiba ya mjomba huenda ilikuwa ule uoshaji wa kwanza, aliouona ni utangulizi tu wa rangi mbili.

Unga wa rangi mbili ndio nisioweza kuutetea. Umetengenezwa umezwe. Ukinyunyizwa, siku ya kwanza uko juu ya kidonda, siku ya pili bahari imeubeba, na bakteria waliobaki wamekwisha kuonja dawa kidogo isiyotosha kuwaua. Fleming alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alilionya jambo hilo: dozi ndogo inawafundisha bakteria. Mwaka 2019 pekee, vifo milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Sisemi dago la Rongui limeuleta usugu duniani. Nasema lina mchango wake, kama kila duka linalouza vidonge viwili viwili.

Machi 2021 Palma iliposhambuliwa familia yetu ilitawanyika. Mjomba alipita majini, baadaye akarudi. Bibi alifikishwa Pemba ya Msumbiji kwa shangazi na yuko huko mpaka leo, mbali na miti yake. Gome ananunua sokoni, limekatwa na mtu asiyemjua, kwenye mti asiouona, msimu asioambiwa. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni jambo zito kuliko linavyosikika, kwa sababu gome la kiangazi na gome la masika la mti mmoja yanaweza kutofautiana kwenye sahani. Yeye analisema kwa namna yake. Kwenye sauti za WhatsApp ananiita mume wangu, utani wa bibi na mjukuu, kisha ananipa habari: "Mume wangu, lile la sokoni halina ukali. Nimewaambia waoshee tu, wasinywe." Nilipomweleza habari ya jani lake na methanoli alicheka sana, akataka kujua kama mwalimu wangu ameolewa.

Ninachokifanya sasa ni kidogo. Akinipigia ndugu mgonjwa, nauliza kwanza amepewa dawa gani, kwa jina lake, si kwa rangi yake. Asipoijua namwambia asome pakiti herufi kwa herufi. Nauliza anakunywa na nini. Nikisikia dawa ya kifua kikuu au ya virusi vya UKIMWI, namsihi asiongeze mti wowote wa kunywa mpaka amwambie mganga wa hospitali, na amwambie kweli, asifiche chupa chini ya kitanda. Mti wa kuoshea sikatazi, maji yakiwa yamechemka na chombo kikiwa safi. Nilishawahi kuzungumza na kijana mmoja anayetaka kuwa APE, wale wahudumu wa afya wa vijijini wa Msumbiji, ambao mkobani mwao mna amoksisilini ya watoto wenye nimonia, na swali langu la "anakunywa na nini" alilichukua akaliandika.

Mjomba amekubali mengi kuliko nilivyotarajia. Unga wa rangi mbili haunyunyizi tena. Anaosha kwa gome, anafunika kwa kitambaa kilichochemshwa. Kumeza kidonge kwa maji ya gome ameacha. Tulipokwama ni kwenye kumaliza dozi. "Mpwa wangu," aliniambia, "pakiti ni moja na dago zima linaitegemea. Mmoja aimalize peke yake, wenzake wakiumia nitawapa nini?" Nikamwambia kwamba kidonda kinachovimba upesi, mgonjwa akiwa na homa, si cha pakiti ya makutini hata kidogo, baadhi ya Vibrio humuua mtu kwa siku moja au mbili, chombo king'oe nanga usiku huo huo kimpeleke Palma. Akaniuliza petroli ya mashine atalipa nani. Nilipiga hesabu ya lita, yeye akapiga ya bei, na hatujakubaliana bado.